Sufuria Iliyotokota Kikapuni

Syokau alipofunua kikapu, sufuria iliyokuwa ndani ilikuwa inatokota.

Wanawake wa kikundi walipiga vigelegele mpaka kuku wakatawanyika. Chakula kinachemka na moto haupo! Mmoja alianzisha wimbo wa kanisani, wenzake wakaitikia. Bwana Ndululu peke yake, mtaalamu wa nishati aliyekuja Kalamba kukijaribu kikapu hicho, hakupiga makofi. Alichovya kipimajoto, akakitazama, akakichovya tena.

"Mama," alisema, "hii sufuria imetoka kwa moto sasa hivi."

Wimbo ulikatika.

Ulikuwa mwaka uliofuata ile njaa ya themanini na nne, na kuni zilikuwa zimeadimika kiasi kwamba watu walianza kutazama vibaya nguzo za choo. Syokau alikuwa amehangaika na kikapu chake tangu mvua ziliporudi. Kilikuwa kikapu kikubwa kilichoshindiliwa nyasi kavu na vipande vya blanketi, na mto wa kufunika juu. Unachemsha muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, na maharage kwa makaa kidogo, unaizamisha sufuria mle, unafunika, unaenda zako shambani. Joto lililofungiwa ndani linamalizia kazi.

Jaribio likifaulu, mradi wa Bwana Ndululu ungemchukua akawafundishe akina mama kuanzia Nunguni mpaka Kibwezi. Syokau, aliyeachia masomo darasa la nne, kuitwa mwalimu! Wiki nzima usingizi ulimpaa.

Asubuhi hiyo kila kitu kilifanyika mbele ya watu. Sufuria ilichemka, ikazamishwa kikapuni, kikapu kikafungiwa stoo. Kisha Bwana Ndululu aliwaomba wote wafuatane naye kwenda kuona vitalu vya miche huko mtoni, warudi mchana. Muthama, mumewe Syokau, hakwenda.

"Nyinyi endeni tu," alisema, akiutia ufunguo wa stoo mfukoni, kisha akamgeukia mkewe. "Mimi nitabaki nikulindie, Mama Kisilu. Watu si wazuri."

Neno hilo lilimwingia Syokau moyoni. Wanaume wengine walikuwa wakiwacheka wake zao kwa mambo ya kikundi. Wa kwake ndiye aliyekata zile nyasi za kujazia kikapu, tena bila kuombwa mara mbili.

"Kikapu kinatunza joto, hakiongezi," Bwana Ndululu alieleza sasa, bila hasira, na huko kukosa hasira ndiko kulikouma. "Kilichofunikwa asubuhi, saa hizi kingekuwa na joto la kutosha kuliwa. Kutokota hakiwezi. Kuna mtu amepika hapa."

Syokau aliinama. Sufuria ilikuwa imezama nyasini, hakuona ila mdomo wake na mvuke. Alihisi macho ya wenzake mgongoni. Akageuka kutafuta adui, na hakwenda mbali.

"Ni wewe, Kalondu! Ulibaki nyuma njiani ukisema mguu unauma. Si wewe kila siku unasema chakula cha nyasi ni cha kuku? Umeniharibia makusudi nionekane mwongo!"

"Mimi?" Kalondu, jirani yake, alishika kifua. "Mama Kisilu, mimi nilikaa tu pale kwa daraja. Na hiyo stoo ningefungua na nini? Na meno?"

Wawili watatu walicheka. Syokau hakucheka. Wakati wa njaa yeye na Kalondu waligawana unga kwa kikombe, na sasa mtu huyo huyo ndiye wa kumchimbia shimo! Sauti ilimtoka kama ya mtu mwingine.

"Usikanyage kwangu tena. Wewe na watoto wako."

Kalondu aliokota leso yake, akaenda akilia waziwazi, bila kujifunika uso.

Muthama alikuwa amesimama kando, macho mekundu, akiyafuta kwa mkono wa shati. Syokau alimwona, akajua analia kwa ajili yake. Angalau huyo alikuwa naye.

Bwana Ndululu alifunga mkoba. Alisema mradi hauwezi kumpa kazi ya kufundisha mtu ambaye jaribio lake limeingiwa na udanganyifu, hata kama aliyedanganya hajulikani. Aliwaaga kwa heshima. Hakukumbuka hata kuulizia kile kikapu cha pili ambacho Syokau alikuwa amemsukia kama zawadi, na ambacho kilikuwa kimekaa stoo kikimngoja.

Wanawake nao walijiondokea mmoja mmoja. Ua ulipobaki mtupu, Syokau alichukua panga akaingia stoo. Alitaka kukikatakata hicho cha zawadi, asione tena kikapu machoni pake mpaka afe. Kilikuwa kimesukumwa nyuma ya magunia. Alikikamata kwa mkono mmoja, jinsi mtu anavyokamata kitu kitupu, akavuta.

Hakikusogea.

Aliweka panga chini, akavuta kwa mikono miwili, akaondoa mto wa juu. Joto lilimpiga usoni. Ndani kulikuwa na sufuria yake mwenyewe, ile yenye sikio alilolifunga kwa waya, ile aliyoizamisha kikapuni asubuhi mbele ya watu wote.

Nyuma yake mlango uliingia giza. Muthama alikuwa amesimama pale, nguo zake zikinuka moshi.

"Niliogopa itatoka mbichi, nikapika nyingine," alisema polepole. "Sikutaka wakucheke, Mama Kisilu."

Syokau aliigeukia sufuria. Aliinua kifuniko, akachota punje moja ya muthokoi, akaibonyeza kwa vidole.

Ilikuwa imeiva.