Ukuta Unaokunywa Maziwa

Ukame ulikuwa umemaliza ng'ombe wa mjini, lakini kila asubuhi ndoo ya maziwa ilifika kwenye kaburi la mfanyabiashara wa Kizungu. Lilijengwa kwa kuba, kama makaburi ya wafalme, na mwenyewe alikuwa bado hai. Fundi Nasrullah alitia maziwa kidogo kidogo kwenye chokaa na ute wa mayai, akapaka, akasugua mpaka ukuta ung'ae kama kioo. Ulinuka shombo. Nzi walimfuata mkono.

"Hajafa, na kaburi lake linakula kutushinda," alinong'ona Girdhari, msimamizi.

"Nipe kikombe kimoja, bwana. Mke wangu yuko langoni na kichanga. Maziwa yamemkauka."

"Hayo ni ya ukuta, fundi. Nitafukuzwa."

Mzungu aliingia, akasogeza uso ukutani, akajitazama meno. Girdhari alikwenda kumsalimu. Nasrullah aliinamia ndoo, akajaza kinywa bila kumeza, akaelekea langoni.

"Fundi," Mzungu aliita bila kugeuka, "nimependeza humu?"

Nasrullah alisimama, midomo ameibana, tone jeupe likimshuka ndevuni.