Usiwaue Viwavi

"Fundi, mbona wanautafuna mche na wewe umekaa tu?"

Viwavi walikuwa wameyatoboa majani ya mnyonyo mpaka yakabaki chandarua, na fundi wa bustani alichuchumaa pembeni, anatabasamu. Mzee alikuja na kopo la dawa ya wadudu mkononi. Fundi akalichukua taratibu.

"Waache, mzee. Hao ndio vipepeo wenyewe."

Mzee akaguna, kisha uso ukachangamka. "Umenikumbusha binti yangu. Alipokuwa mdogo, mama yake alitaka kuwapulizia dawa. Mtoto akaukumbatia mnyonyo, akalia mpaka akapaliwa!"

Kisa hicho alikwisha kukisimulia asubuhi. Fundi alikisikiliza tena mpaka mwisho.

Kibustani chenyewe hakikuzidi mikeka miwili. Maua ya dukani fundi hakuyataka hata kuyasikia. Alipanda mimea ya porini: mnyonyo kwa ajili ya viwavi, kivumbasi kwa ajili ya nyuki, na akaweka beseni la maji lenye mawe ili nyuki wasizame. Vyote alivipanga mbele ya kiti cha mzee barazani, bila kupima wala kuuliza. Tumaini lake lilikuwa moja tu, kwamba kipepeo wa kwanza akitoka, huenda mzee akaacha kukodolea macho geti.

"Binti yangu atakuja lini?" mzee aliuliza. "Nimemngoja mpaka nimechoka."

Fundi alichota maji. Roho ilimuuma, na hapakuwa na la kufanya ila kumwagilia.

Siku kipepeo alipotoka, mwekundu kama tofali, alitua kwenye mkongojo wa mzee. Mzee alicheka mpaka machozi. Fundi alipiga magoti mbele yake, akamtazama usoni, akangoja.

"Binti yangu angefurahi," mzee alisema, na macho yakarudi getini. "Hivi wewe fundi, wazazi wako wapo?"

"Baba yupo."

"Basi usimtupe. Kutupwa kunauma."

Mlezi wa mzee alitoka jikoni na vidonge vya jioni. Alipompita fundi akamnong'oneza, "Leo je? Amekutambua?"

"Bado," fundi alisema. Akalibeba jembe mpaka stoo, akalitundika kwenye ule msumari wa chini ambao baba yake alimpigilia zamani, alipokuwa bado mfupi mno kuufikia wa juu.