Bila Tundu Hata Moja

"Bila tundu hata moja," mwanamke alirudia. "Kifuniko kilale sawa na ubao, hata kucha isipite. Wanasema hapa kijijini Betis ni wewe tu unayeweza."

Crispulo aliweka msasa chini. Mikono yake, iliyozoea kuchonga watakatifu wa makanisani, siku hizi ilitengeneza sigara za umeme za mbao ya narra, mti mgumu wa Ufilipino. Hakuna mteja aliyewahi kumwagiza ya namna hiyo.

"Mama, betri ikichemka, gesi yake itatokea wapi?"

"Nimeagiza kifaa, fundi. Sikuagiza filimbi."

"Ni cha nani?"

"Cha mtu ninayemjua."

Akaondoka. Kifuani alikuwa amebandika kipande cha kitambaa cheusi, alama ya kufiwa. Dado, mpiga vanishi, alimfuata kwa macho mpaka alipofika barabarani.

"Kashazika mkwe mmoja huyo, sasa anatafuta wa pili," alisema. "Akikuita mkwe, kaka, kimbia!"

Crispulo aliokota msasa. Betri iliyozibwa kila upande ni bomu, na bomu hilo lingelipuka mdomoni mwa mtu, likiwa na alama yake Crispulo upande wa chini.

Hata hivyo, kazi ilitoka nzuri kuliko zote alizowahi kufanya. Kitufe kilizama kikawa sawa na ubao. Kifuniko, ukishakifunga, huoni kilipoanzia. Alikipapasa huku amefumba macho, akatafuta ufa, akaukosa. Kukitoboa kulikuwa kama kumtoboa mtakatifu usoni.

Alikaa nacho mapajani mpaka kahawa ikapoa. Kisha akachukua keekee, akatoboa matundu mawili chini yake.

"Shauri yako," alisema Dado. "Atakutukana wewe, ahamie kwa bibi yako."

"Bibi yangu alishatukanwa sana. Amezoea."

Siku ya kuchukua mzigo, mwanamke hakutazama mng'ao wala kitufe. Alikigeuza juu chini.

"Nilikwambia bila tundu."

"Uliniambia."

"Ziba."

"Sizibi. Huyo unayetaka kumpa sijui kakukosea nini, mama, lakini hatakufa kwa kazi ya mikono yangu. Tafuta fundi mwingine."

Dado aliacha kupiga vanishi. Mwanamke alifungua mkoba, akatoa kifuniko kingine cha sigara ya mbao, kilichoungua nusu, akakiweka mezani kando ya kile kipya. Alivitazama vyote viwili, akipitisha kidole juu ya kile kilichoungua, ubao mtupu, laini, usio na tundu.

Kisha alitoka mlangoni, akawaita wanaume wawili waliokuwa wamekaa juu ya pikipiki ng'ambo ya barabara, injini ikinguruma.

"Ficheni bastola," aliwaambia. "Aliyemuua mdogo wenu si huyu."