Matanga ya Klabu ya Pangoni

Hekaya hii ni fupi, maana klabu yenyewe haikupewa nafasi ya kuzeeka.

Nungunungu alifungua klabu ya muziki wa roki pangoni mwake, bila mfadhili wala ruhusa ya mkubwa yeyote. Kila Jumamosi alipiga gitaa mpaka miba ikamsimama. Msikilizaji wake alikuwa Popo peke yake, na huyo alikuwa akiishi humo humo. Mvua za vuli hazijakatika, Nungunungu akatangaza kwamba anafunga.

Siku ya kufunga, pango lilifurika. Ngiri alilia hadi makamasi yakamtoka. Korongo alikuja na hotuba.

"Tumepotelewa," akasema. "Ujana wetu umelelewa humu."

"Lini, Bwana Korongo?" akauliza Popo. "Mimi naning'inia hapa kila Jumamosi na sijakuona."

"Nilikuwa nanyi kwa moyo, ndugu yangu."

Nungunungu alipoutazama umati ule, machozi ya furaha yakamlenga. "Jamani, kumbe mpo! Basi sifungi tena. Kaeni, naanza kupiga sasa hivi."

Kilio kikakatika. Korongo akakumbuka kuwa ameacha mgeni nyumbani. Ngiri akasema, "Dada, mimi makelele hayo huniumiza kichwa." Kabla nyuzi hazijakazwa, pango lilikuwa tupu.

"Nimewakosea nini?" akauliza Nungunungu.

"Walikuja kuzika, dada," akajibu Popo. "Wewe ukawaharibia kwa kufufuka."

Jioni ile klabu ilifungwa kweli. Korongo naye, popote utakapomkuta, atakwambia kuwa yeye ni mwanachama mwanzilishi.