Kroshe Isiyofunguka

Jovial aliipiga kroshe nyundo tatu za chuki, kana kwamba imemtukania mama. Kroshe, ile ndoano ya chuma inayofungia tela nyuma ya pikapu, haikupata hata alama.

"Hii bado," alisema. "Nataka ile ambayo wanaume sita hawawezi kuifungua."

Mama Hortense, aliyewauzia vyuma madereva wa Kalemie tangu Jovial hajaota meno, alipandisha miwani yake. "Unavuta nini, mutoto yangu?"

"Mzigo wa familia."

"Gari haichague kroshe. Muzigo njo unachagua. Kama ni wa familia, chukua hii ya wazi, pete ya tela inachomoka kwa mukono moja. Kuna mizigo lazima ichomoke."

Jovial alicheka kwa adabu ya mtu aliyekulia Kinshasa, yaani bila adabu. Juma lililopita, kwenye barabara hiyohiyo ya Moba aliyokuwa anaiendea, majambazi walichomoa tela la rafiki yake Rachidi, na kwa shukrani wakamvunja mkono. Na Mama Philomène, mama yake Syntiche, alikuwa amesema wazi: "Fikisha muzigo kabla ya saa kumi, bila mukwaruzo. Mukwe anapimwa siku kama hii. Kisha tutaongea habari ya Syntiche."

Jovial alimpenda Syntiche kuliko macho yake mawili. Alichagua kroshe ya taya mbili, yenye pini nene kama kidole gumba cha askofu, akaongeza kufuli. Ufunguo akauvaa shingoni, kando ya rozari.

Saa nane walikuwa njiani. Jovial alishika usukani. Shangazi Dorothée alikaa nyuma ya pikapu, juu ya masufuria na magunia ya unga. Kwenye tela ulilala mzigo, chini ya turubai. Papa Gérard, baba yake Syntiche, ambaye safari yote ilikuwa yake, hakutoa ushauri wowote.

Kwenye kona ya mwisho kabla ya kijiji, gogo lilikuwa limelazwa katikati ya barabara. Wanaume sita walitoka majanini, nyuso nyeupe kwa unga, mikononi majembe na sepetu.

"Muteremushe huyo mwizi wa kuku!" alifoka mkubwa wao. "Leo hafike!"

"Mulafi mukubwa! Alale hapahapa, siafu wamukule!"

Jovial hakuwahi kuiba kuku hata mmoja. Alishuka na mpini wa jeki, akamtandika mkubwa wao mdomoni kabla hajamaliza tusi lililofuata. Meno mawili yaliruka, yakatua juu ya boneti. Wa pili alipigwa kwenye goti. Likalia kama ukuni mkavu. Wa tatu alimrukia mgongoni, na Jovial akambamiza kwenye ubavu wa gari mara nne, mpaka unga ukamtoka usoni na damu ikashika nafasi yake.

Watatu waliobaki hawakuyaona hayo. Walikuwa wamepiga magoti nyuma, wanahangaika na kroshe. Mmoja alikuwa anacheka.

"Vuteni, baba zangu," alisema Jovial moyoni. "Vuteni."

Akaruka ndani, akarudisha gari nyuma kwa nguvu. Kroshe ikafinya vidole. Mtu akalia kama mbuzi wa Pasaka. Tela likampindua mwingine mtaroni. Kisha Jovial akakanyaga mafuta, pikapu ikalipanda gogo na kulivuka, na yule wa sita, aliyekuwa bado ameng'ang'ania pini, akaburutwa hatua hamsini akiacha ngozi ya magoti kwenye changarawe, mpaka mikono ikamwisha nguvu.

Shangazi Dorothée alikuwa anapiga paa la gari kwa sufuria. "Simama! Jovial, simama! Unaua watu!"

Jovial hakusimama. Uoga wa wanawake ni jambo la kuheshimiwa, lakini hakuna anayewasimamishia majambazi gari.

Saa tisa na nusu aliingia kijijini. Kroshe ilikuwa imelowa damu, na haikuwa imelegea hata unywele. Mama Philomène alimngoja uani, katikati ya umati wa watu walioketi chini kimya.

"Mama, nimefika," alisema Jovial, akihema. "Hata mukwaruzo hakuna."

Kwa mikono miwili, kwa heshima zote, akaondoa turubai juu ya jeneza la Papa Gérard.

Mama Philomène alitazama jeneza la mumewe. Akatazama kroshe. Kisha akatazama barabara, iliyokuwa tupu.

"Na watani wetu?" aliuliza. "Walishuka asubuhi na majembe, wamutukane marehemu na kukuzuilia jeneza, kisha waje kuchimba kaburi. Umewaacha wapi?"