Mgeni wa Karatasi Tupu

Siku hizi ukiacha karatasi ya kura tupu, mshindi analetwa kukaa kwako mwezi mzima, afanye kazi unazofanya wewe. Anafungwa bangili mguuni. Akimpa mtu mwingine ndoo ambebee, bangili inalia kijiji kizima kisikie.

Wagombea wetu walikuwa watatu, na hakuna aliyetaja maji. Dada yangu Mwanahawa alianguka na ndoo kichwani kwenye kilima cha kisimani, hakuinuka tena. Basi karatasi yangu nikaikunja nyeupe kama sanda yake, nikarudi nyumbani kutandika kitanda cha mgeni.

Mshindi, Mheshimiwa Semdoe, akaja, akachota maji. Siku ya ishirini mafundi wake wakafikisha bomba mlangoni pangu. Akaweka ndoo chini, anatabasamu.

"Bibi, maji hayo."

"Hayo ni ya kwangu," nikamwambia. "Wewe, baba, bado una siku kumi za kilima."

Akapanda. Nikakaa kibarazani nikinywa maji ya bomba taratibu, ili anione.

Siku ya mwisho alikunja shuka vizuri, akaja kuniaga.

"Bibi, akina mama wa kisimani wanataka ugombee. Fomu nimewaletea mimi mwenyewe. Utashinda tu."

"Na kura yako utampa nani?"

"Mimi nitaacha karatasi tupu."

Nikacheka mpaka nikakohoa. Kisha nikakumbuka kwamba kwake ni ghorofa ya nne, na magoti yangu anayajua.