Wino Usiotoka

Sikitu aliapa mbele ya mtaa mzima kwamba haogopi kisu: pua ile aliyorithi kwa bibi yake, pana kama kawa, lazima ipunguzwe.

Hospitalini, daktari akamchora mistari ya wino puani. "Hapa nitavunja mfupa kidogo. Ukiamka utapumulia mdomo."

"Vunja tu, daktari!" akacheka Sikitu, kisha akaomba kwenda msalani.

Huko alisugua pua kwa sabuni mpaka ikawaka. Angetorokaje kupitia getini na michoro ile?

"Hautoki, dada. Hata mimi nilisugua."

Kwenye kioo, nyuma yake, alisimama mwanamke mwenye bandeji usoni, macho yamevimba kama maandazi. Koridoni muuguzi aliita, "Sikitu!"

Sikitu aligeuka akimbie, lakini yule mwanamke alikuwa ameegemea mlango, ameuziba.